Ratili Saba za Maji

Nilipelekwa Garsen kuwa dresa, yaani mtu wa kufunga vidonda na kugawa vidonge, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na kiburi cha mtu wa hamsini. Dispensari ilikuwa vyumba viwili vya mabati karibu na kivuko: kimoja cha dawa, kimoja changu. Kwetu ni juu mtoni, safari ya siku mbili kwa mtumbwi, na pale Garsen sikuwa na shangazi wala binamu wala mtu wa kuniuliza kama nimekula. Watu walikuja, wakapewa kwinini, wakaenda zao. Wasomali wenye maduka walinisalimu vizuri, wakanipa chai ya maziwa, kisha wakarudia mazungumzo yao kwa lugha yao, nami nikabaki natazama majani ya chai chini ya gilasi.

Nasema kweli, ziko siku nilitamka maneno kumi tu toka asubuhi hadi jioni, na manne kati ya hayo yalikuwa "toa ulimi" na "rudi kesho". Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nikijisomea Zaburi peke yangu chumbani kwa sauti, si kwa sababu ya ucha Mungu, bali nisikie mtu anasema.

Aliyeniondolea hali hiyo ni mvuta kamba mmoja wa kivukoni. Siku zile hapakuwa na daraja. Kivuko kilikuwa jukwaa la mbao lililofungwa juu ya matangi, waya mnene umenyooshwa toka ukingo huu hadi ule, na wanaume wanane wakiukamata waya kwa mikono na kukivuta kivuko, lori likiwa juu na abiria wake wote. Huyu alikuwa Morma, mtu wa wafugaji wa Tana, mrefu, aliyeacha ng'ombe kwa kaka zake akaja kufanya kazi ya waya ili apate kuoa. Siku moja alikuja kwangu na kipande cha waya kimezama kiganjani. Nilipokitoa hakusema ahsante. Aliniangalia akasema, "Wewe iko mkono kama mama ya mimi, lakini uso kama karani ya kodi."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipokuwa nimecheka mbele ya mtu.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila alasiri akitoka kazini, anakaa kwenye ngazi ya dispensari, ananiita "dakitari" kwa kunikejeli. Nilikuwa namkemea kwamba mimi ni dresa tu, naye anajibu kwamba ng'ombe akiwa mmoja tu bomani, huyo ndiye fahali. Alinisimulia habari za binti aliyekuwa amemchumbia, na baba wa binti, mzee mgumu kama mpingo. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya Idi. Mzee hakutaka maneno mengi, alitaka mkwe mzima. Kwao mwanamume hujulikana kisimani: anashuka chini, anachota, anarusha ndoo juu, siku nzima, kiangazi kizima, na asiye na kifua cha kazi hiyo hapewi mtoto wa mtu. Na kwao, kama kwetu, mtu akishasemwa kwamba ana kifua, yaani kifua kikuu, hata akipona hasemwi jambo jingine tena maisha yake yote. Hayo nilikuwa nayajua vizuri. Nayaandika hapa ili msije mkanitafutia udhuru.

Basi akaja daktari mmoja Mzungu, aliyekuwa akizunguka pwani kuchunguza kama posho ya vibarua inatosha. Alileta mizani ya kusimama juu yake, utepe wa kupimia mkono, na kibano cha chuma chenye saa ndogo pembeni, kama koleo la fundi lililosoma shule. Kwa kibano hicho unaibana ngozi ya nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, na saa inakwambia mafuta yaliyo chini ya ngozi yana unene gani. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, taratibu, naye alikuwa mtu mpole, sina neno naye.

"Mizani inakupa mwili wote," alisema. "Kibano kinakupa mafuta. Ukiyaondoa mafuta katika uzito, kinachobaki ni nyama na mifupa. Mifupa haikondi. Kwa hiyo ikiwa uzito umeshuka na mafuta yako vilevile, kilichopotea ni nyama. Mtu anayepoteza nyama hali vya kutosha, au ni mgonjwa."

Ilinipendeza sana. Sikumwuliza maji yako wapi katika maneno yake hayo, na yeye hakuyataja. Mtu aliyekulia kwenye ukingo wa Tana, aliyeona mto ukijaa na kukauka kila mwaka wa maisha yake, hakuuliza habari za maji! Nilikuwa nimepewa mizani, akili zote zikaingia kwenye mizani.

Kazi yangu ilikuwa kuwapima wavuta kamba wanane mara moja kwa mwezi na kumpelekea daktari karatasi kwa basi. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa Shaabani. Walikuja asubuhi, wote wanane, wameshakunywa uji, wanataniana nani mzito. Rafiki yangu alipanda mizani huku amevuta pumzi kama atakayezama, akadhani pumzi nayo ina uzito. Nikaandika. Ilikuwa asubuhi nzuri, dispensari imejaa watu wazima wasio wagonjwa, jambo la nadra.

Mara ya pili ilikuwa Ramadhani, tarehe kumi na kitu ya mfungo. Mwaka ule Ramadhani iliangukia mwisho wa kaskazi, kabla ya mvua, jua limekaa utosini na upepo umekufa. Kati ya wanane, sita walikuwa Waislamu, nao walikuwa wamemwomba serahangi, mkuu wao wa kivukoni, waanze kazi kabla ya jua kuchomoza na watoke alasiri. Kwa hiyo wale wawili wasiofunga walikuja kwangu asubuhi baada ya uji kama kawaida, na wale sita wakaja alasiri, moja kwa moja kutoka kwenye waya, baada ya kuvusha malori ya ng'ombe tangu alfajiri bila tone la maji. Karatasi ya daktari ilikuwa na nafasi ya jina, ya uzito, ya utepe na ya kibano. Ya saa ya kupimwa haikuwepo. Nami sikuiongeza.

Wale wawili wa asubuhi uzito wao haukubadilika hata kidogo, nikajiambia mizani ni sawa. Wale wa alasiri walishuka ratili tatu, nne. Rafiki yangu, aliyekuwa akivuta mbele kabisa, penye uzito wote wa kazi, alishuka ratili saba, zaidi ya kilo tatu.

Nikampandisha tena. Saba. Nikambana kwa kibano: mafuta yaleyale ya Shaabani, machache kama ya Morma yeyote. Nilipoachia kibano, ngozi ilibaki imesimama kidogo kabla ya kulala. Niliona. Macho yangu yaliona kabisa, lakini sikuwa na mahali pa kuliandika, nikaliacha.

Serahangi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mzee wa Kipini, mtu wa bahari aliyeshuka cheo akaja mtoni, na maneno yake yalikuwa ya kule kwao. Akasema, "Usimwandike sasa, mwanangu. Huyu amekauka."

Kwa mama yangu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Mjomba wangu alipomalizwa na kifua, mama hakutaja ugonjwa, alikuwa akisema tu, "Kaka yangu amekauka," na wote tulijua. Nikamtazama rafiki yangu pale kwenye mizani, midomo imepasuka, macho yameingia ndani, akakohoa kidogo kwa vumbi la barabarani. Basi! Kila kitu kikakaa mahali pake, na mahali penyewe palikuwa pabaya.

Nikaandika ratili. Na pale chini, penye nafasi ya maelezo, nikaandika kwa Kiingereza cha shule ya misheni neno la mtu anayenyauka kwa maradhi, nikaongeza kwamba anakohoa. Sikumwambia yeye. Nilimwambia aende akapumzike. Karatasi ikaondoka na basi la Malindi kesho yake, nami nikajiona mtu mwenye uchungu na mwenye wajibu, vyote viwili. Ujinga mtupu.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Daktari aliandika kwamba angefika Alhamisi kwa gari lake, kwamba mtu huyo amepoteza nyama nyingi mno kwa muda mfupi, na kwamba atamchukua mwenyewe hadi hospitali ya kifua, pwani, kabla hajawaambukiza wenzake. Niliagizwa nimwarifu serahangi atafute mtu wa kushika nafasi yake.

Nilikwenda kivukoni nikamsomea serahangi barua ile kwa sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanivuta kwa mkono nyuma ya gogo la kufungia waya, mahali wavuta kamba hawatuoni.

"Kifua? Nani kasema ana kifua?"

"Wewe, mzee. Ulisema amekauka."

"Lahaula! Nilisema amekauka, sikusema amekonda! Mtu amevuta waya kutwa juani, kinywa kimefungwa, hana mai mwilini. Amekauka! Kitu kilichokauka hutiwa mai, mwanangu, hakitiwi hospitali. Nilikwambia usimwandike sasa. Sasa, nilisema. Mngoje afuturu, anwe mai, umwandike asubuhi. Kiswahili gani hiki mlichofundishwa huko juu?"

Nilisimama pale na barua mkononi, na kutoka kwenye waya nilimsikia rafiki yangu akiwaongoza wenzake kwa sauti, vuta, vuta tena, sauti ya mtu mzima kabisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi hujua hivyo tangu utotoni, lakini safari hii guu lililovunjika halikuwa langu.

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku mbili. Ningeweza kumpima yeye tena asubuhi, na ningefanya hivyo, kama ningekuwa na ujasiri wa kumweleza kwa nini. Sikuwa nao. Niliogopa ile ngazi ya dispensari ibaki tupu alasiri, huo ndio ukweli wenyewe, niliogopa kurudia Zaburi zangu za Jumapili. Basi nikaamua kujipima mimi.

Jumanne nilikula daku na kunywa maji kama wao, nikapanda mizani kabla ya jua kuchomoza, serahangi akishuhudia. Kisha nikaenda kwenye waya. Waliponiona navua shati walipiga makelele. Rafiki yangu akaja akanikumbatia mbele ya watu wote.

"Dakitari nasilimu!" alipaza sauti. "Leo nafunga na sisi! Pisheni fahali!"

Alinipa nafasi nyuma yake na akanifunga vitambaa mikononi ili waya usinikate. Alidhani nimefunga kwa ajili ya urafiki. Aliwaambia wale wengine kwamba huyu mtu, nje ana uso wa kodi, ndani ana maziwa. Siku ile nzima alikuwa na furaha, nami nilikuwa nyuma ya mgongo wake nikivuta, nikiangalia jasho likishuka na kukauka na kuacha chumvi nyeupe kwenye ngozi yake, na sikusema. Ilipofika adhuhuri ulimi wangu ulikuwa umeshikamana na kaakaa. Ilipofika alasiri nilikojoa kidogo sana, rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa.

Nikapanda mizani. Ratili sita zimekwenda! Kibano: mafuta yaleyale ya alfajiri. Nikajibana ngozi ya mkono, nikaachia, ikabaki imesimama. Kwa maneno ya daktari nilikuwa nimepoteza tangu asubuhi nyama ya kutosha kulisha nyumba nzima, na bado nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili nikiona kiu. Magharibi nilifuturu nao, nikanywa mpaka tumbo likalia. Asubuhi ya Jumatano nikapima tena: ratili tano kati ya sita zilikuwa zimerudi. Nyama hairudi kwa usiku mmoja, hata mtoto anajua. Nikaandika yote kwenye karatasi safi, na saa safari hii nikazitia.

Alhamisi daktari alifika kiasi cha saa tisa za mchana. Nilimkabidhi karatasi kabla hajashuka vizuri garini. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama juani.

"Lakini uliandika ananyauka," alisema. "Kwa nini?"

"Serahangi alisema amekauka."

"Na kukauka ni nini?"

"Kwao Kipini ni kiu. Kwetu ni kifua."

Alivua kofia akajifuta paji la uso. Niliona kwamba ameamini nusu. "Inawezekana," alisema. "Inawezekana kabisa. Lakini anakohoa, na umeniandikia wewe mwenyewe, na siwezi kumwacha mtu kati ya watu saba kwa kuwa dresa wangu alivuta kamba siku moja. Mwite. Tutampima mbele yangu. Apewe maji, anywe kadiri awezavyo, akae saa mbili kivulini. Kama mwili ulikuwa na kiu, utayashika maji hayo. Kama sivyo, atayakojoa yote. Nikiona yameshikwa, namwacha hapa."

Nilikimbia. Nilimkuta ndiyo kwanza anatoka kwenye waya. Njiani nikamwambia yote, kwa pumzi moja, mizani na ratili saba na neno la mama yangu na barua. Alipunguza mwendo.

Daktari alimsalimu, akampandisha mizani, akampa gilasi ya maji na kumwonyesha ndoo nzima pembeni. Rafiki yangu aliitazama gilasi. Zilikuwa zimebaki saa tatu kasoro hadi adhana ya magharibi.

"Mimi nafunga," alisema.

"Najua," alisema daktari. "Lakini dini yenu inamruhusu mgonjwa anywe."

"Ndiyo. Mgonjwa."

Nikamwona anafikiri, na nikajua anakokwenda kabla hajafika, nikataka kumziba mdomo kwa kiganja.

"Mimi nakunywa, mimi nasema mimi mgonjwa," alisema. "Mbele ya Mungu nasema. Na mimi hapana mgonjwa. Basi mimi hapana kunywa."

"Ala! Kunywa tu!" nilimfokea. "Kunywa, utalipa siku nyingine! Siku moja! Mungu haoni kwamba umelazimishwa?"

"Kulipa ni ya mgonjwa na ya msafiri."

"Basi jifanye msafiri! Hili gari si liko hapa?"

"Msafiri kwenda wapi, dakitari? Hospitali."

Nikamgeukia daktari nikamwomba angoje magharibi. Nilimwomba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na nadhani kwa lugha ya mama pia. Akatazama saa yake, akatazama mto. Kivuko kilikuwa kinafungwa jioni, akilala upande huu atakosa foleni nzima ya wagonjwa waliomngoja kesho yake Malindi, na barabara ile usiku haikupitika. Akasema anasikitika, akasema wiki moja tu, picha ya kifua, na kama ni mzima atarudi. Sidhani alisema uongo. Alikuwa mtu anayehesabu wagonjwa wote, na mimi nilikuwa nahesabu mmoja.

Rafiki yangu hakungoja kushikwa. Aliteremka ngazi, akaenda kuchukua shuka lake na fimbo, akarudi akapanda nyuma ya gari mwenyewe. Nilisimama kando ya gurudumu. Nilisema nisamehe, nikasema tena. Aliniangalia bila hasira, na ningetaka hasira.

"Juzi pale kwa waya," alisema. "Wewe nafunga kwa sababu ya mimi, au kwa sababu ya karatasi?"

Nilisema, "Kwa ajili yako." Nayo ni kweli, jamani, naapa ni kweli. Lakini nilichelewa kidogo kujibu, naye alikuwa mtu wa kusikia vitu vidogo.

Walivuka na kivuko cha mwisho, wenzake, waliorudi kazini kwa ajili ya gari lile, wakiuvuta waya bila kuimba. Mimi nilirudi ndani nikamwaga ile ndoo ya maji nje, ikanywewa na mchanga mara moja.

Wiki moja ikawa wiki tano. Foleni ya picha ilikuwa ndefu, kisha mashine ikaharibika, kisha ikaja Idi, kisha mvua ikafunga barabara. Idi yenyewe niliisikia kwa mbali, ngoma na vigelegele kutoka upande wa maduka. Mwenye duka mmoja aliniletea sahani ya pilau mlangoni, akaiweka, akaondoka haraka, ana wageni. Nilikula nimesimama. Mtu mpya alikuwa ameshashika nafasi ya mbele kwenye waya, kijana wa Chara, mchapakazi, na kila akipita nilimchukia bila sababu.

Karatasi ya hospitali ilikuja na basi la kwanza baada ya mvua. Kifua safi, pande zote mbili. Uzito: ratili moja zaidi ya ule wa Shaabani. Wameshamruhusu aende kwao. Chini yake daktari alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba tangu sasa vibarua wote wapimwe asubuhi, wakiwa wamekunywa maji, na kwamba karatasi mpya zitachapwa zenye nafasi ya saa. Alinishukuru kwa uangalifu wangu. Niliisoma barua ile mara nyingi sana. Sikuwa na mtu wa kumsomea.

Kila alasiri nilijikuta natazama barabara. Nilijipangia maneno, nikayafuta, nikapanga mengine. Nilidhani atakuja walau kuchukua vitambaa vyake vya mikono, kisha nikajikumbusha kwamba mtu haji safari yote hiyo kwa vitambaa. Nilihisi upweke ambao sikuwa nao hata siku za mwanzo, kwa sababu siku zile sikujua ninachokikosa.

Alikuja kiangazi kilichofuata. Nilisikia ng'ombe kabla sijawaona, kundi kubwa likipelekwa mnadani Malindi, na nilipotoka nje nilimwona kati ya vumbi, fimbo begani, mwembamba na mrefu na mzima kabisa. Nilichota maji mtungini kwa kikombe changu, mtungi kwapani, nikaenda mbio hadi kivulini walipokuwa wakingoja zamu ya kivuko.

Alinisalimu vizuri. Aliuliza habari za nyumbani, za kazi, za afya yangu, moja moja, kama inavyopasa. Nami nikamwuliza za ng'ombe, za mvua, za kaka zake. Mwishowe nikamwuliza habari za harusi.

"Baba ya msichana napata mkwe mwingine," alisema. "Mtu ya upande wa Bura."

"Lakini hospitali walisema huna kitu! Karatasi ninayo!"

"Karatasi iko kwa wewe," alisema. "Baba ya msichana hapana soma karatasi. Yeye nasikia mimi nakaa hospitali ya kifua. Basi."

Nikamnyooshea kikombe. Akanyoosha kiganja, kunionyesha nisimame pale pale. Akafungua mkoba wake wa ngozi, akatoa kopo la bati, akaliweka chini kwenye mchanga katikati yetu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimina hapo," alisema.

"Wewe huna kifua!" nilisema kwa sauti, wachungaji wenzake wote wasikie. "Hujawahi kuwa nacho! Mimi najua, kuliko mtu yeyote mimi najua!"

"Wewe najua. Mimi najua," alisema kwa upole. "Mama ya mimi hapana kujua. Maziwa ya mimi yeye naweka mbali. Sasa mimi nazoea. Mimina tu, dakitari, watu naangalia."

Nikainama nikamimina mpaka kopo likajaa. Lakini hakuja kulichukua. Alibaki amesimama, akiningoja, mpaka nilipoelewa, nikarudi nyuma hatua mbili na mimi, ndipo akasogea akanywa.